Ufukwe Usio na Macho ya Watu

"Puerto Vallarta?"

"Hapana."

"Mazatlán basi. Kule ngoma inalia mpaka jua linachomoza."

"Ndiyo maana sitaki."

"Manzanillo?"

"Leobardo, mji wetu mzima wa León unahamia Manzanillo. Niende mpaka baharini kukutana na wateja wangu?"

Delfina hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. Gauni la binti wa watu aliyekuwa anatimiza miaka kumi na mitano lilikuwa limemjaa mapajani kama povu, waridi tupu. Leobardo alikuwa ameegemea mlango, mikono yake ikinuka gundi ya viatu kama kawaida. Duka lake la viatu lilikuwa mtaa wa pili. Walikuwa wachumba karibu mwaka mzima, na hii ilikuwa ndiyo safari yao ya kwanza pamoja.

"Basi sema wewe unataka wapi."

"Caleta Mansa. Iko pwani ya Nayarit. Kuna vijumba vichache, maji yake yametulia kama ya karai, na watalii hawaijui. Twende wiki ya baada ya Pasaka. Watu wakiwa wanarudi, sisi ndiyo tunakwenda. Tunasafiri mchana tu, kwa barabara ya kulipia, na pesa taslimu tunabeba kwa sababu benki hakuna."

"Umeshapanga yote!"

"Nataka utulivu na usalama. Ni dhambi?"

"Si dhambi. Ila mtu akikusikia atadhani unanificha."

Delfina alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Simu ikalia juu ya meza. Leobardo aliliona jina kabla yake: Ramiro. Delfina akaichukua haraka na kutoka nayo uani. Mlango wa waya haukujifunga vizuri.

"...Hapana, Ramiro, bado hajui... Nitamwambia mwenyewe tukifika. Wewe usimwambie kitu... Ndiyo, vyumba viwili."

Aliporudi, Leobardo alikuwa ameshika rula ya kupimia nguo, anaigeuzageuza.

"Nani huyo?"

"Mwenye nyumba za kule."

"Mnafahamiana?"

"Kidogo."

Hilo neno "kidogo" lilimganda Leobardo kooni kama mwiba wa samaki.

Siku iliyofuata alikwenda kwa rafiki yake Chalo, muuza mikate ya guacamaya pale kona ya soko. Chalo alikuwa na mkono mwepesi wa kupasua mkate na kuujaza ngozi ya nguruwe iliyokaangwa na pilipili. Mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi.

"Mwanamke anayekimbia watu anakimbia macho," Chalo alisema. "Na anayekimbia macho ana mwenyewe."

"Delfina hana mume, Chalo."

"Umeona cheti? Karibu mwaka mzima, kaka, na bado unambusu mlangoni kama mtoto wa shule. Ushawahi kumwona hata bega?"

"Acha ufedhuli."

"Nauliza tu. Picha anapiga na wewe?"

"Hapendi picha."

"Ehe! Na vyumba viwili! Huyo Ramiro ndiye mwenye mali. Wewe unapelekwa kuchekwa." Chalo akammiminia pilipili zaidi. "Halafu Lorena naye si ulisema hana mtu? Yule bwana alikuwa anasalimiwa na nani kila Jumapili baada ya misa? Si na wewe?"

Leobardo aliacha kutafuna. Lorena alikuwa mkewe. Aliondoka na mwanamume ambaye Leobardo mwenyewe alimzoea mpaka akawa anamuuzia viatu kwa bei ya chini. Mtaa mzima ulijua, yeye akawa wa mwisho kujua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Chalo alikuwa amemtupia ung'ongo miguuni.

Jioni hiyo Delfina alitoka kumfungulia mteja geti. Simu yake ikabaki mezani, ikatoa mlio. Leobardo alijiambia hataisogelea. Akaisogelea.

"Nyumba iko tayari. Kama mara ile, hakuna atakayekuona. Tunakusubiri kwa hamu. R."

Kama mara ile! Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alichukua namba, akairudisha simu mahali pake, na Delfina aliporudi alimkuta anasifia mishono ya gauni.

"Mbona jasho linakutoka?" Delfina aliuliza.

"Joto."

"Joto gani na feni inazunguka?"

Asubuhi, akiwa amejifungia stoo kati ya maboksi ya viatu, alipiga.

"Haloo, Caleta Mansa?"

"Ndiyo, sema bwana." Sauti nzito, ya mtu mwenye kifua kipana.

"Natafuta chumba. Nimeelekezwa na Bi Delfina, mshonaji wa León. Nasikia alishawahi kuja hapo."

Upande wa pili mtu akaguna.

"Alikuja na nani vile?" Leobardo alisukuma.

"Wewe nani?"

"Mteja tu."

"Basi sikia, mteja. Hapa tunauza samaki na tunakodisha vyumba. Habari za wageni hatuuzi."

Simu ikakatwa. Leobardo akabaki anaitazama. Mtu asiye na la kuficha, aliwaza, angejibu.

Walisafiri Jumatatu, jua likiwa linachomoza, kwa gari la Delfina, Leobardo akiendesha. Delfina alikuwa amevaa blauzi yenye shingo ya juu, hata shingoni hapaonekani, na mkanda wa gari ulipita juu ya mto mdogo aliouweka kifuani. Siku zote aliuweka. Leobardo hakuwahi kuuliza, na leo alikuwa na maswali mengine.

Walipita Guadalajara bila kusimama. Maneno yaliyotoka yalikuwa ya njia tu: lipa hapa, kunja kule, tukifika Tepic jaza tangi kwa sababu mbele hakuna kituo. Walipoanza kushuka milima na hewa kuwa nzito, Delfina alizima redio.

"Leobardo, una neno la kuniambia?"

"Sina. Wewe je?"

"Mimi ninalo. Lakini si la kusemea ndani ya gari." Alimtazama kwa muda mrefu. "Una hakika huna?"

"Nimeshasema sina."

Delfina aligeukia dirisha mpaka bahari ilipoonekana.

Caleta Mansa ilikuwa kama alivyosema: ghuba ndogo iliyozibwa na miamba pande mbili, minazi, vijumba vya makuti, na mbwa mmoja mnene. Mtalii hata wa dawa hakuwepo. Jitu la masharubu lilitoka jikoni na aproni, likafungua mikono.

"Delfi! Umekuja kweli!"

Likamkumbatia, likamwinua. Delfina, ambaye Leobardo akimkumbatia huweka kiwiko katikati, alijiachia kabisa mikononi mwa lile jitu. Leobardo aliteremsha mabegi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Waliandaliwa chakula mezani juu ya mchanga, jua likiwa bado kali: samaki aliyepasuliwa na kubanikwa kwa viungo, mikate ya mahindi, ndimu. Ramiro alijaza bilauri ya bia, akaisogeza mbele ya mgeni wake.

"Karibu, bwana. León kwema?"

"Kwema."

"Joto kule?"

"Kiasi."

Ramiro aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. "Sauti yako naifahamu."

"Haiwezekani."

"Naifahamu. Wewe ndiye mteja."

Delfina aliweka mkate wake chini taratibu. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililomwasha Leobardo.

"Ndiyo, mimi!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Nilipiga, na nitapiga tena! Wewe ni nani wa huyu mwanamke? 'Kama mara ile, hakuna atakayekuona.' Asimwone nani? Mnafanya nini hapa na watu wasione?"

"Kaa chini, bwana," Ramiro alisema.

"Sikai! Nilishachekwa mara moja, sitachekwa mara ya pili!"

Mwanamke mfupi, mweusi wa jua, alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa na nywele za kipilipili na fulana iliyolala bapa kifuani kama ya mvulana.

"Kelele za nini mbele ya samaki wangu? Mimi naitwa Chabela, na huyo unayemfokea ni mume wangu. Mimi simu sina, naitumia ya kwake. Ule ujumbe nilimwandikisha mimi. Una swali lingine?"

Leobardo aliokota kile kiti. Lakini mwenye kuteleza hateremki nusu mlima.

"Basi kwa nini siri?"

Delfina ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Ramiro aliniambia siku ileile uliyopiga. Nimekungoja uniambie mwenyewe. Nimekungoja njia nzima. Nilikuuliza, ukasema huna neno. Mara mbili." Aliinuka. "Kesho kuna basi la kwenda Tepic. Ulipande."

Asubuhi Leobardo alimkuta amekaa mchangani, amevaa blauzi ileile ya shingo ndefu. Chabela alikuwa majini, anaelea chali. Leobardo alikuwa na begi begani.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Na kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa kushika simu yako. Kwa kumpigia mtu wako kama mpelelezi. Kwa kukuaibisha mezani."

"Na kwa lile la kunidhania?"

"Na kwa hilo. Na kwa kumsikiliza Chalo kuliko wewe."

Delfina alichota mchanga, akauacha uchuruzike.

"Ulikuwa unatafuta mwanamume, Leobardo. Mwanamume hakuna. Kuna titi ambalo halipo."

Leobardo hakuelewa. Kisha akaelewa, na begi likateleza begani.

"La kushoto," Delfina aliendelea, bila kumtazama. "Saratani. Kabla hatujajuana. Nililazwa Guadalajara, kitanda cha jirani alikuwa Chabela. Wakati wangu wa kutapika, Ramiro ndiye alikuwa anatushikia beseni wote wawili. Mtu aliyekushikia beseni, Leobardo, humwekei kiwiko. Nilipotoka wakanileta hapa niingie baharini. Mara ile. Hakukuwa na mtu hata mmoja, na bado nilikaa na blauzi yangu hapahapa nikalia. Sikulowa hata kidole."

Leobardo alinyamaza.

"Vallarta! Mazatlán! Ungetaka nivae nini kule? Nilitaka pasiwe na macho, niwe na wewe tu, nikwambie, na kama ukikunja uso, basi kuwe na chumba cha pili cha kwenda kulala. Ndiyo mpango wenyewe." Akamgeukia. "Na sasa umenyamaza. Ndicho nilichokuwa nakiogopa, huo unyamavu."

"Nimenyamaza kwa aibu yangu, Delfina. Si kwa kifua chako."

"Nitajuaje?"

"Hutajua leo. Lorena alinifundisha kwamba kila siri ina mwanamume ndani yake. Nikaja na somo lake nyumbani kwako."

"Deni la Lorena usinidai mimi."

"Ni kweli."

"Na sitakuvulia blauzi ili kukuthibitishia kitu."

"Usivue. Sikuombi uvue. Sikuombi hata unisamehe." Alichukua begi. "Ila nikae au niende, nilitaka ujue hili: jana ningekukuta na titi moja au matano, mwenye kasoro pale mezani nilikuwa mimi."

Delfina alitaka kubaki amekasirika, lakini yale matano yalimshika vibaya. Aliuma mdomo asicheke. Kutoka majini Chabela akapiga kelele:

"Shoga! Unakuja au unasubiri askofu abariki maji? Mimi wamechukua yote mawili, na bahari haijawahi kulalamika!"

Basi lilipiga honi kule juu barabarani. Hakuna aliyesogea. Likapiga tena, kisha injini ikasikika inapotelea kwenye kona.

"Basi lako limekwenda," Delfina alisema.

"Nimelisikia."

"Unajua kuogelea?"

"Mimi? Mtoto wa León, nijulie wapi?"

"Na ulikuwa unanipeleka Vallarta?"

"Nilidhani nitakaa ufukweni na kofia, nikutazame."

"Kumbe na wewe ulikuwa unanificha!"

"Aibu haina mwenyewe, Delfina."

Delfina alisimama, akafungua kifungo cha juu. Hakuomba msaada na Leobardo hakuutoa. Kifungo cha pili, cha tatu. Ndani alikuwa amevaa vazi la kuogelea jeusi alilolishona mwenyewe, upande mmoja umejaa, upande mmoja bapa, na kovu likichungulia kwapani kama mshono wa mtu mwenye haraka.

"Tazama sasa. Hukuiba, nimekupa mwenyewe."

Leobardo alitazama. Hakugeuza uso, wala hakujifanya hajaona. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Inauma?"

"Zamani. Siku hizi inavuta tu, mvua ikikaribia."

"Aliyeshona hakuwa fundi kama wewe."

"Nilimwambia vivyo hivyo daktari," Delfina alisema.

Akampa mkono. Leobardo alivua viatu, akaingia na suruali yake. Maji yalipofika kiunoni alianza kupumua kama punda mlimani. Wimbi dogo, la kitoto, likampiga mdomoni. Akakohoa, akatapatapa, akamshika Delfina kwa mikono miwili, na Delfina akacheka kicheko kikubwa ambacho Leobardo hakuwahi kukisikia tangu wajuane. Ramiro alitoka jikoni kuangalia kuna nini, akarudi haraka ndani.

"Bado nimekukasirikia," Delfina alisema akishajifuta uso.

"Najua."

"Nitakasirika mpaka León."

"Kasirika."

"Na nikifika León nitakasirika tena. Na yule Chalo wako nitamfuata palepale kwenye mkate wake."

"Nitakuonyesha kona. Kasirika, Delfina. Mimi nipo."

 Delfina alimshika mkono vizuri zaidi, akamvuta hatua moja kuelekea kwenye kina. Leobardo, asiyejua kuogelea, akaenda.