Leonsia wa Banda la Video

Stendi ya Nyakanazi ilikuwa imefurika siku Adventina alipomuuzia Jovitus kitenge cha kumpelekea mama yake. Rangi ya kitenge aliisahau mapema. Alichorudi nacho nyumbani Nyantakara ni sauti ya yule kijana, nzito na laini, kama ya mtu anayekufunika blanketi.

Kumbe sauti hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Jovitus alikuwa na banda la video Biharamulo mjini, akionyesha sinema za zamani za Kijerumani: ukungu, maiti, Inspekta mwenye kofia, na katikati ya msako watu wanaacha kukimbizana, wanaimba. Kijerumani hakukijua hata neno. Alishika kipaza sauti, akawatungia wote maneno ya Kiswahili na majina ya huku.

Mwimbaji mwenye gauni la kumetameta alimwita Leonsia.

"Leonsia wangu, ukiimba hivi nitasahau maiti," Inspekta alisema, kwa sauti ileile ya blanketi. Banda zima likacheka. Adventina, aliyekwisha kuwa mpenzi wake na kuja siku hiyo na gauni jipya la maua, hakucheka. Shoga yake Frida alikuwa amemnong'oneza kwamba Leonsia wa kweli alikuwa mchumba wa Jovitus kabla ya kuolewa Ntobeye.

Kesho yake Adventina alimpigia simu kumuuliza. Jovitus akajitetea: jina ni la siku nyingi, wateja wamelizoea, akilibadili watagoma.

"Basi kaoe wateja wako," Adventina alisema, akakata.

Hakupokea tena simu yake. Ndipo Jovitus akamtuma Frida: Adventina aje Jumamosi aone mwisho wa sinema, akitoka na hasira, hatamsumbua tena. Adventina akaenda, alisema, kumwona Leonsia akifa.

Inspekta alipanda jukwaani, bastola mkononi. Mwimbaji akanyamaza.

"Umetudanganya siku nyingi," sauti ilisema. "Leonsia ni jina la kujifichia. Upelelezi wangu umefika Nyantakara. Wewe ni Adventina, muuza vitenge. Uko chini ya ulinzi, mpenzi. Nataka kuja kwa baba yako."

Mzee wa benchi la mbele akanung'unika kwamba wiki iliyopita hayo hayakuwamo.

Adventina alisimama, mashavu yakimwaka.

"Mwambieni huyo Inspekta aje Jumapili na wazee wake. Bastola aiache. Na siku akiniita Leonsia, hata usingizini, narudi kwetu."

Kwenye kioo mwimbaji akaanza wimbo wa mwisho. Safari hii haukutungiwa maneno. Kipaza sauti kilikuwa kimelala juu ya kiti, na Jovitus alikuwa akipenya kati ya mabenchi.