Fundi Asiyekaripiwa

Walikutana kwenye duka la saruji jirani na soko la Njanja, watu wakisukumana, vumbi la kijivu likiwaingia puani. Delphine, muuza dawa, alivaa kitenge kipya cha njano, na kidogo tu aegemee mfuko uliopasuka. Mwanaume mmoja akamvuta mkono.

"Chérie, ungetoka hapa mweupe sawa muzimu."

Huyo alikuwa Gauthier, fundi mwashi mwenye mabega mapana na kicheko cha karibu. Jumapili wakala samaki wa Kasenga pamoja. Mwezi haukuisha, wakawa wanalala na simu masikioni.

Kwa hiyo mama yake Delphine aliponunua nyumba isiyokwisha kule Makomeno, binti alikuwa na fundi tayari. Nyumba ni yeye aliyeisifu kwa mama, na fundi pia akamsifu yeye. Gauthier mwenyewe alimsihi kwanza akawaulize watu aliowajengea. Delphine akacheka: nani humchunguza mpenzi wake?

Hapo ndipo walipopotea wote. Kwa desturi ya kwao mama hatazamani na mkwe, sembuse kumkaripia, na Gauthier alikwisha kuhesabiwa mkwe. Gauthier akiwa kazini, mama alipita njia ya ng'ambo. Nyumba ikajengwa bila mtu wa kuuliza neno.

Siku moja Gauthier akasimamisha kazi, na simu hakupokea. Delphine akamfuata pale kwenye ujenzi, akamwita mwizi mbele ya mafundi wenzake. Gauthier akakusanya vifaa vyake, akaondoka.

Mvua ya kwanza ikaangusha ukuta wa nyuma, ule alioujenga mtu aliyemwuzia mama nyumba. Chini ya lipu yalikuwa matofali mabichi, hayajaona moto, udongo mtupu. Fundi gani mwaminifu angeweka bati juu ya hayo? Delphine akaelewa kwa nini kazi ilisimama. Aibu ilimshika kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Alimkuta Gauthier kwake Katuba, akifua shati.

"Nilikuamini bila kuuliza, nikakutukana tena bila kuuliza," alisema. "Niko na haya. Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningeambia nani? Mama yako hawezi kuongea na miye. Na weye mwenyewe njo ulimusifia ile nyumba. Nilisikia haya ya kukuaibisha." Akakamua shati taratibu. "Miye pia nilikosa. Fundi wa haya iko mubaya sawa mwizi. Ukuta ungeanguka na bantu ndani."

Delphine alikubali moyoni kwamba amempoteza, na kwamba alistahili.

"Sasa chagua," Gauthier akasema. "Mama anapashwa kupata fundi mwenye yeye anaweza kumukaripia. Kama ninakuoa, hawezi kunikaripia. Unanitaka fundi, ao bwana?"

Delphine alijifunika uso kwa upande wa kitenge.

"Bwana," alisema. "Fundi tutamutafuta pamoja, na tutauliza kila muntu mwenye alimujengea."