Uzi Ndani ya Mlango

Pa! Pa! Pa! Kiganja kilikuwa kinapiga kioo, na kila pigo likijibiwa na honi ya gari la nyuma. Kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika asubuhi ile, kila mtu ana haraka, na katikati ya foleni kigari chekundu cha milango miwili kimesimama kama mtu aliyesusa.

Kijana ambaye mafundi wenzake walimwita Spana alikuwa kwenye dirisha la duka la kituo ananunua oili ya breki. Aliiacha palepale akaenda kuangalia. Nyuma ya kioo aliona kwanza macho makali, kisha gauni la manjano lililomkaa mwenyewe kana kwamba alizaliwa nalo, kisha, kwenye kiti cha pembeni, rundo kubwa jeupe lililofunikwa kwa nailoni.

Alishika mkono wa nje, akavuta. Mlango ukafunguka.

"Ni hivyo tu?" dada yule akauliza, jasho likimchuruzika.

"Kwa nje hauna neno. Kwa ndani ndiyo umenuna. Mbona hukushusha kioo, au kutokea upande wa pili?"

"Kioo kimekwama. Na huko nilikanyage gauni la bibi harusi? Kaka yangu, hili nimelishona mpaka vidole vimekufa ganzi. Bora nizikwe humu humu."

"Kumbe ni fundi."

"Wa nguo. Na wewe?"

"Wa magari."

"Haya, wamekutana waongo wawili." Akacheka. "Utanitengenezea lini? Na usiniambie njoo kesho. Hilo neno mimi nawaambia wateja wangu kila siku, nalijua lilivyo tupu."

Spana alikuwa na maneno mengi kwa kawaida. Safari hii alibaki ameshika mlango wa watu, honi zinalia, hajui afunge au aache wazi.

Mchana ule ule kigari kikaletwa gereji. Spana alianza na kioo, kikashuka na kupanda vizuri. Alifungua ganda la ndani la mlango na ugonjwa akauona mara moja. Kuna fito nyembamba ya chuma inayotoka kwenye mkono wa ndani hadi kwenye kitasa. Ukivuta mkono, fito inavuta kitasa. Kibanio cha plastiki kinachoishikilia kilikuwa kimevunjika. Kipya kilikuwepo, kwenye kopo miguuni mwake. Mkono ulienda kwenye kopo, ukasita. Akiweka kibanio hiki, mlango utapona kabisa, na mwenye mlango hatakuwa na sababu ya kurudi.

Sakafuni mwa gari palikuwa na kipande cha uzi wa zambarau kilichodondoka kwenye kazi za yule dada. Spana akakiokota, akaifunga fito kwa uzi huo.

Ni yeye huyu aliyewahi kugombana na fundi mwenzake nusura wapigane kwa sababu ya nati moja iliyoachwa bila kukazwa. Kazi yake haikuwahi kurudi na ubovu uleule, na kila aliyepita pale alijua hivyo, maana mwenyewe aliitangaza kwa sauti ya kuuzia samaki. Alipokuwa anakaza fundo masikio yalimwaka moto. Lakini dada alipoingia, akajifungia, akafungua, akapiga makofi kama mtoto, Spana aliimeza aibu yake, ikapita.

Wiki chache baadaye uzi ukakatika.

"Mama Mlango huyo!" Kipara, fundi wa meza ya pili, akapiga kelele. "Spana, nawa mikono!"

"Fundi, mlango wako umenuna tena," dada akasema.

"Wangu au wako?"

"Ukipona ni wangu. Ukiumwa ni wako."

Spana akaufunga tena kwa kipande kingine cha uzi wa zambarau alichookota garini. Siku hiyo hiyo, mikono bado ina grisi, alimwomba wakanywe chai, na dada akasema alikuwa anajiuliza ataombwa lini.

Mapenzi yao yalikaa zaidi kwenye simu, kwa kuwa wote wawili kazi zao zilikuwa za kuinama.

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Napiga kola pasi. Wewe?"

"Niko chini ya gari."

"Toka huko. Sauti yako inanichafulia kitambaa."

"Basi nitakuja kuifua mwenyewe."

"Njoo. Ila viatu unaviacha nje, na Kipara pia."

Kulikuwa na Jumanne moja dada alipokuja gereji bila kuitwa, na chupa ya chai, na mlango mzima. Walikaa juu ya tairi kuukuu wakanywa. Spana alikitazama kile kigari chekundu, akaweka kikombe chini. Uzi ulikuwa bado humo ndani. Kuutoa ni kufungua mlango usioumwa, na dada angeuliza kwa nini, na yeye angejibu nini? Akajiambia kesho. Na kesho yake akajiambia vilevile.

Jumamosi moja fundi wa nguo alipeleka magauni ya harusi ukumbini. Alivaa gauni la kijani alilojishonea, la kubana kiunoni, la kufuata mwili hadi chini ya magoti, kwa sababu mamia ya watu wangemwona na alitaka nguo imsemee. Mama yake alikaa pembeni, magauni yamejazwa nyuma. Mlinzi akamwelekeza aegeshe ubavu ukutani, ili nafasi itoshe. Upande wa mama ukazibwa na ukuta.

Akavuta mkono wa mlango, kitu kikafanya *tk*. Fito ikaanguka, ikajibana kwenye kitasa. Ndani hakufunguki. Nje watu wakavuta, hakufunguki. Wakati huo huo gari nalo likagoma kuwaka, na bibi harusi anangoja, na simu inalia, wako wapi, wako wapi.

Alishusha kioo akatokea dirishani. Kichwa, mabega, kiuno. Kisha mshono ukaachia kutoka nyonga hadi goti, mlio wake ukasikika hadi mlangoni mwa ukumbi. Watu wakageuka. Simu zikainuliwa.

"Fundi gani huyu," mama mmoja mwenye kilemba kikubwa akasema, "nguo yake mwenyewe inamvulia hadharani?"

Vijana wakasukuma kigari mbele, mama akatoka akihema, amelowa jasho. Kaka wa bibi harusi, mtu wa kupenda kufungua vitu, akatoa ganda la mlango amsaidie. Kitu kikadondoka kwenye kiganja chake. Akakiinua. Zambarau.

Simu ya Spana iliita akiwa anafuta mikono.

"Malkia wangu! Harusi imeendaje?"

"Uzi wangu unafanya nini ndani ya mlango wangu?"

Spana akaacha kufuta mikono.

"Usininyamazie. Uzi wa pamba, wa kushonea vitambaa laini. Hata kifungo cha koti haushiki. Ulijua utakatika."

Angeweza kudanganya kwamba vibanio vilikuwa vimekwisha. Neno "kibanio" lilishafika mdomoni.

"Nilijua," akasema.

"Mlikuwa mnacheka, siyo? Wewe na wenzako wa Mama Mlango. Mnabishana ninarudi lini."

"Hapana! Mungu ananiona, hakuna mtu mwingine anayejua. Nilitaka urudi."

"Jumanne nilikuja na chai. Mlango ulikuwa mzima. Ulidhani nimefuata nini, oili?"

Hilo ndilo lililomvunja. Kumbe angekuja tu.

"Nimetoka dirishani mbele ya wateja wangu," dada akaendelea. "Nimeshika gauni kwa mikono miwili kama mwizi. Na mama yangu kabaki humo anaiva kwa joto. Gari lingeshika moto je?"

Akakata.

Spana alibaki na simu sikioni. Nyuma yake Kipara alikuwa anamsifia kwa mteja mpya: "Mpe huyu, kazi yake hairudi."

"Imerudi," Spana akasema bila kugeuka. "Na niliirudisha mwenyewe."

Alipiga simu mara nyingi, haikupokewa. Mwishowe ikapokewa na sauti nzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayupo."

"Mama, naomba tu..."

"Yupo hapa mbele yangu anatazama simu unavyoita. Lakini kwako hayupo. Njoo utoe uchafu wako kwenye mlango wetu. Na uje mchana, majirani wawepo."

Akaja mchana, na majirani walikuwepo, kwenye ngazi na kwenye madirisha yote. Aliweka kibanio kipya, akarudisha ganda, hakuinua kichwa. Kila skrubu aliikaza huku anasikia minong'ono: ndiye huyo, ndiye huyo.

"Ingia," mama akaamuru. "Jifungie. Fungua."

Akafungua.

"Tena. Nitakuambia uache lini."

Alipotoka mara ya mwisho, fundi wa nguo alikuwa amesimama ngazini, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba unataka kuniona?"

"Niliogopa utakataa," Spana akanong'ona.

"Sisikii."

"Dada, watu wote hawa..."

"Mimi sikuaibika kwa kunong'ona. Zile simu ukumbini hazikuninong'oneza. Unajua kupaza sauti ukijisifu. Ipaze na leo."

Spana aliinua kichwa. Alitazama madirisha, alimtazama mama, kisha akamtazama yeye peke yake, akasema kwa sauti iliyofika ghorofa ya juu:

"Mlango ungeweza kupona siku ya kwanza, nikaufunga kwa uzi makusudi, kwa sababu nilikupenda na nilikuwa mwoga. Fundi huyu nguo zake hazina kasoro. Mwenye kasoro ni mimi!"

Hakuna aliyecheka. Dada alishuka ngazi moja.

"Halafu?"

"Halafu nakuahidi, na hawa wote wanasikia. Nikitaka kukuona nitakuja kwa miguu yangu, nitapiga hodi, nitasimama nje. Ukisema karibu, nitaingia. Ukisema hapana, nitarudi nilikotoka, na kitasa sitakigusa."