Kikwembe chenye Sura ya Papa

Mama Emerance ndiye aliyemkuta. Ilikuwa lundi, siku ya jumatatu, tarehe 28 Aprili 1980, saa kumi na mbili ya asubuhi, alipokuja kufagia kanisa la Ngezi. Suzanne, mkubwa wa kikundi cha bamama, alikuwa amelala chali chini ya ngazi ya kengele, kichwa kimepasuka nyuma. Alivaa kikwembe kipya, kitenge chenye sura ya Papa, kile ambacho bamama walishonesha kwa safari. Kitunga chake kilikuwa kando, kitupu.

Merkredi, siku ya jumatano, kamio, gari kubwa la mizigo, ilikuwa iwapeleke bamama Kisangani, ambako Papa angefika. Bunia nzima haikuwa na habari ingine.

Inspekta Jérôme alifika saa moja. Aliinama, akanusa mikono ya marehemu: petroli ya taa. Nyuma ya sikio aliona tone la buluu, dogo kama punje ya mtama. Ngazi yenyewe haikuwa na damu.

"Ni Lucienne," alisema Placide, katekiste, mtu wa sauti ya pole. "Jana, nyuma ya misa kwisha, alimwapia Suzanne hapa mulangoni. Batu bote balisikia."

Saa tatu Lucienne alikuwa ofisini, mtoto mchanga kifuani.

"Ulimwambia nini?" aliuliza Jérôme.

"Nilimwambia ataenda kuona Papa akiwa maiti."

"Na sasa ni maiti."

"Naona, citoyen inspekta."

"Juu ya nini ulisema vile?"

"Alinitoa ku kamio. Alisema mwenye kunyonyesha hawezi njia ya matope. Na mimi nilikuwa nimeshashonesha."

Askari mlangoni alicheka. "Usihuzunike, mama. Kisangani utafika tu. Gereza ya kule iko kubwa."

Haikuwa mzaha mtupu. Mkubwa wa Jérôme alitaka jambo liishe kabla ya merkredi, na mfungwa apelekwe huko.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mvua ilipiga tangu saa tisa mpaka jioni. Nani alitoka?"

"Nani alikuona?"

Lucienne alimtazama mtoto wake. "Huyu."

Jérôme alikwenda kwenye matanga. Bamama walikuwa wanaosha maiti, kwa hiyo alibaki nje kama wanaume wote. Wimbo ndani ulikatika. Kisha Emerance akatoka na kikwembe mkononi, uso umemkauka.

"Inspekta, Papa alikuwa chini."

"Chini wapi?"

"Ku matako. Tumeona wakati wa kumugeuza." Alikikunjua. Kilikuwa na sura moja tu, kubwa, katikati. "Katekiste mwenyewe alitangaza ku misa: hakuna mutu atakalia Baba Mutakatifu. Siye tunageuza, sura inakuja mbele. Suzanne ndiye alitufundisha."

"Pengine aliharakisha."

"Baba, mukono unajua. Hata mu giza."

"Na kama Lucienne ndiye alimvalisha?"

"Lucienne iko mwanamuke," Emerance alisema, kama mtu anayeulizwa kama maji yanalowesha.

"Ku misa jana alivaa nini?"

"Kikwembe cha manjano. Hii ilikuwa ingali kwa fundi wa kushona, Alphonse." Akakiangalia tena kikwembe. "Manjano iko wapi?"

Jérôme alirudi ofisini, akaweka kikwembe mezani, hakueleza neno.

"Kifunge," alimwambia Lucienne.

Lucienne alimlaza mtoto kwenye benchi, akazungusha nguo kiunoni. Kabla ya kukaza, mkono ulivuta kitambaa mpaka sura ikafika mbele, ukailainisha. Hakutazama. Alikuwa anatazama mtoto asianguke.

"Inatosha," alisema Jérôme.

Fundi Alphonse alikuwa na chaki ya buluu, na kwa muda kidogo Jérôme alidhani amempata mtu wake. Akaipaka kwenye kidole. Ikatoka kwa kupuliza tu. Hiyo haikuhitaji petroli.

"Suzanne alivaa kikwembe hapa?"

"Hapana. Alikitia mu kitunga mbele ya mvua kuanza. Alisema iko na neno la kumaliza mbele ya safari. Alikuwa katoka Mahagi, kwabo, na tangu arudi hakukuwa na furaha."

Kesho yake, mardi mchana, kamio ilisimama mbele ya kanisa. Ubavuni ilifungwa kitambaa kirefu: KARIBU BABA MUTAKATIFU, herufi za rangi ya mafuta, za buluu. Jérôme alimuuliza dereva nani aliandika.

"Katekiste. Kwake, jumapili."

Nyumba ya Placide ilikuwa nyuma ya kanisa. Mkewe, Brigitte, alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Mume na mke hawa ndio waliochaguliwa kumtolea Papa ngoma ya Ituri. Chini ya baraza, jiwe la kusagia lilikuwa limesuguliwa upande mmoja mpaka likang'aa.

"Jumapili mchana ulikuwa wapi, mama?"

"Kwa mama yangu. Mvua ilinilaza kule."

Placide alitoka ndani. "Inspekta, Lucienne amekubali?"

"Bado. Rangi inatoka na nini ku ngozi?"

"Na petroli."

Alijibu haraka, kisha akasikia alichosema.

Askari wawili walikuwa tayari na ndoano kwenye choo cha uani. Walivuta kitu kizito, chenye harufu. Chini ya uchafu kilikuwa cha manjano, na buluu imeganda juu yake.

"Suzanne aliangukia jiwe hili," alisema Jérôme. "Kopo la rangi likamwangukia. Ulimuosha na petroli. Ulitoa kikwembe kipya mu kitunga, ukakitandika chini, sura katikati, ukamulalisha juu, ukafunga mbele. Mutu anayevalisha maiti peke yake anafanya vile. Halafu ulimusukuma na baruweti mpaka kanisani, turubai juu, na mvua ilifungia batu bote mu nyumba. Midomo yako ilijua sura inakaa wapi. Mikono haikujua."

Brigitte aliweka pasi chini. "Suzanne alitaka nini kwako?"

Placide alimjibu yeye, si inspekta.

"Aliona nyumba yangu ya Mahagi. Godelive, bibi yangu wa kule, na batoto wawili. Alisema, 'Jitoe weye mwenyewe ku safari ya Papa, ao namwambia padri.' Nilimuomba angoje tu turudi. Akauliza nitamuangalia Papa mu macho namna gani. Nikamusukuma."

"Na Lucienne?" aliuliza Jérôme.

"Alikuwa amesema maneno yake tayari." Sauti ilikuwa ya pole vile vile. "Yalikuwa pale tu."

Pasi ilikuwa imeshachoma mkono wa shati. Hakuna aliyeiinua.

Merkredi asubuhi Lucienne alifunguliwa. Kamio ilikuwa inanguruma. Mazishi yalikuwa saa ile ile, kwa sababu maiti haikuweza kungoja tena. Bamama wengine walipanda huku wanalia. Mahali pa Suzanne palikuwa wazi, na Emerance alimwita: "Panda, binti. Ni haki yako."

Lucienne alitazama benchi ile tupu.

"Nilisema ataenda akiwa maiti," alijibu. "Hata vile haendi. Nabaki naye."

Alimfunga mtoto mgongoni, akageuza kikwembe chake sura ije mbele, akafuata jeneza.