Bei Ambayo Kiende Hakuiuliza

Kila Jumamosi wakati wa mavuno, Kiende aliamka kabla ukungu haujaondoka, akavaa mabuti yake ya mpira na kumfuata mama yake shambani kuokota viazi. Kibirichia kuna baridi, na baada ya mvua udongo wake hung'ang'ania miguu ya watu. Mama yake, Gatwiri, alichimba huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Baba yake, Bundi, alipakia magunia kwenye pikapu na kuyapeleka mbali hadi Gachoka, kule kwenye ukame wa Mbeere, ambako watu walivigombania viazi vya milimani.

Aliyemsaidia Bundi kupakia alikuwa Mutegi, jirani yao. Binti yake, Tabby, aliketi dawati moja na Kiende katika Gredi ya Saba.

Jumamosi moja Bundi alisikia breki zikisaga. Akafungua gurudumu, akatoa pedi ya breki na kuikuta imelika hadi chuma.

"Kiende! Chukua simu ya mama yako, upande boda uende Meru mjini," alisema akiifunga pedi ile kwa gazeti. "Hii ndiyo sampuli. Anzia duka la kampuni, lile linalouza magari mapya ya aina yetu. Uliza bei. Kisha uende maduka ya spea ya mtaani uulize vilevile, halafu unipigie."

"Si upige simu tu huko kwenye maduka, Baba?"

"Kwa simu wanakutajia bei ya kukuvuta. Ukifika na sampuli, wanasoma namba iliyochapwa hapo nyuma na kukwambia ukweli. Mimi lazima nishone magunia. Lakini sikiliza, gari hili linateremka milima likiwa na mzigo. Kama bei ya kampuni inalipika, nitajikaza nichukue za kampuni."

Kiende alienda vile alivyokuwa, na mabuti yake miguuni.

Duka la kampuni lilikuwa na vioo kutoka sakafuni hadi darini, na vigae vyeupe vilivyong'aa. Mlinzi alimtazama kuanzia chini.

"Wewe! Hayo mabuti umeyatoa shimo gani?"

"Nimetumwa na baba. Nataka kuuliza bei ya..."

"Umekosa njia, sista. Soko la viazi liko kule chini," alisema kijana mmoja aliyevaa tai, na wenzake wakaangua kicheko. Mwanamke aliyekuwa akinunua taa ya gari naye akacheka, akavuta mkoba wake karibu.

Kiende alitazama nyuma. Nyayo zake za matope zilikuwa zimepangana toka mlangoni hadi aliposimama. Mlinzi akamtupia tambara.

"Futa. Na ufute vizuri."

Alipiga magoti akafuta, unyayo mmoja baada ya mwingine, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Kijana wa tai akampiga picha kwa simu yake. Kiende alipofika mlangoni aliliacha tambara na kutoka. Sampuli bado ilikuwa kwenye gazeti lake. Hakuna aliyeiona.

Mtaa wa pili, mwenye duka la spea aitwaye Gedion alimkaribisha vizuri, akamtolea pedi ambazo hazikuwa hata na boksi. "Elfu mbili tu. Hizi ni moto, mwambie mzee asiwe na wasiwasi."

Kiende akampigia baba yake.

"Kampuni wamesema ngapi?" Bundi aliuliza.

Mashavu ya Kiende bado yalikuwa yanawaka. Akisema hakuuliza, atarudishwa kule. "Elfu ishirini, Baba," alisema.

"Elfu ishirini? Hao wanataka kuninyonga. Haya, na za mtaani?"

"Elfu mbili. Mwenye duka amesema ni nzuri."

"Wewe umeziona?"

"Nimeziona."

"Basi natuma pesa, uzinunue. Asante, mwanangu. Ungekuwa mtu mwingine ningeenda kuhakikisha mwenyewe."

Siku chache baada ya pedi hizo kufungwa, kwenye mteremko mrefu wa kuelekea Gachoka, Bundi alikanyaga breki na pikapu haikusita. Harufu ya kuungua ilijaa ndani. Alivuta breki ya mkono, akaona gari linazidi kukimbia, akaligongesha ukingoni upande wa mlima lisije likatumbukia bondeni. Magunia yaliruka mbele, yakamfunika na kumponda mguu Mutegi aliyekuwa ameketi juu ya mzigo. Bundi alitoka na michubuko. Mutegi alifikishwa hospitalini Embu, na huko mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Fundi alipofungua gurudumu, alikuta pedi zimebanduka vipande vipande. Habari hiyo ilifika Kibirichia kabla ya Bundi.

"Bahili!" wanaume walisema sokoni, wakihakikisha anasikia. "Ameokoa elfu chache, ameuza mguu wa mtu." Riungu, mfanyabiashara aliyempa mizigo mingi, alimtafuta dereva mwingine. Shuleni Tabby alihamia dawati la nyuma. Siku moja wakati wa chakula alimwaga githeri ya Kiende, mahindi na maharagwe yote, chini, mbele ya darasa zima.

"Okota ule," Tabby alisema. "Si nyumbani kwenu mnapenda vitu vya bure?"

Darasa lilicheka. Kiende aliokota punje moja moja. Nyumbani alimwona baba yake akikaa ndani ya pikapu iliyovunjika, mikono kwenye usukani, haendi popote. Alitaka kusema ukweli. Badala yake akaenda kukamua ng'ombe.

Gatwiri ndiye aliyeenda mjini kutafuta pedi mpya ili gari litengenezwe. Asubuhi iliyofuata alimkuta Kiende akikamua ng'ombe, akasimama kando yake mpaka ndoo ikajaa.

"Jana niliingia duka la kampuni," alisema. "Nikaulizia pedi. Ni elfu tisa."

Kiende alimfungua ng'ombe kamba.

"Nikauliza kama bei ilishuka karibuni. Wakasema haijashuka." Gatwiri alichukua ndoo. "Sitamwambia baba yako. Na wala sitakusemea. Jumapili baada ya ibada tumeitwa kwa kina Mutegi. Mungu anaona, na mimi pia naona."

Jumapili hiyo familia zote mbili ziliketi uani kwa Mutegi pamoja na majirani, na mchungaji Mithika katikati. Mutegi alikuwa kwenye kiti, suruali imekunjwa na kufungwa mahali mguu ulipoishia. Mkewe, Ruguru, hakungoja sala imalizike vizuri.

"Mtu anayejua gari lake linabeba binadamu, kisha anachagua kitu cha bei ya chini," alisema akimwelekezea Bundi kidole, "huyo si dereva. Ni mchinjaji."

"Mama Tabby, niliulizia za kampuni," Bundi alijibu. "Walitaka elfu ishirini. Sikuwa nazo."

Riungu, aliyekuwa ameegemea ua, alicheka kwa sauti. "Elfu ishirini? Mimi nimenunua hizohizo pale pale kwa elfu tisa! Bundi, yaani umemkata mtu mguu, na bado unasimama mbele ya mchungaji unadanganya?"

Watu waliguna. Mzee mmoja alitema mate chini. Bundi akamgeukia Kiende. Alimtazama kama mtu anayengoja shahidi wake aongee.

Gatwiri alitazama mikono yake mwenyewe.

Kiende alisimama. "Baba hadanganyi. Ni mimi nilimwambia elfu ishirini. Sikuuliza kule. Walinicheka kwa sababu ya matope, wakanifanya nifute sakafu, nikatoka bila kuuliza. Bei niliitunga."

Hakuna aliyemkimbilia kumbembeleza. Bundi aliketi polepole kama mzee.

"Kwa hiyo," Ruguru alisema, sauti imeshuka kabisa, "mume wangu amekatwa mguu kwa sababu wewe uliona haya?"

"Ndiyo," Kiende alisema.

Tabby aliinuka akaingia ndani, akaufunga mlango. Mchungaji Mithika alimwacha Kiende amesimama. Riungu ndiye aliyesema hatimaye, bila kumtazama mtu, "Bundi, nilikuita mwongo. Nimekosea. Gari likipona, uje uchukue mizigo yangu."

Walikubaliana kwamba Bundi angetenga kipande cha shamba lake, na mavuno yake yawe ya Mutegi. Kiende naye angelima hapo kila Jumamosi. Ruguru alikubali, lakini alipopewa mkono na Kiende hakuupokea.

Watu walipoanza kuondoka, Mutegi alimwita. "Mwari, njoo hapa."

Kiende alienda akapiga magoti mbele yake.

"Simama. Umeshapiga magoti ya kutosha mjini." Mutegi alisugua paja lake kama linauma. "Spea za mtaani si dhambi. Zipo nzuri, nimeziona mwenyewe, na zipo takataka. Za kampuni nazo kuna siku mtu hawezi kuzilipia. Ndiyo maana watu huuliza huku na kule kabla ya kuchagua. Baba yako alitaka kuchagua, na ungemwambia ukweli angechagua vingine. Wewe ulimpa bei moja ya kweli na nyingine ya uongo, akachagua gizani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba Tabby."

"Wale walikucheka dakika ngapi? Tano? Mimi nitatembelea gongo mpaka nizikwe." Hakupandisha sauti. "Sikusamehi leo, nisije nikakudanganya. Labda huko mbele. Lakini jambo hili ulishike. Watu wakikucheka, waache wacheke. Wewe simama hapohapo na matope yako, uulize bei."