Maji ya Kitatange

Jamani, sogeeni niwaeleze. Nyumba ninayoisimulia haikuwa na mlevi wala mgomvi. Baba mwenye nyumba, fundi wa majokofu, akitoka kazini ni moja kwa moja nyumbani. Sebuleni kwake palikuwa na tangi la kioo refu kama kochi, limejaa maji ya chumvi, mawe, na matumbawe hai ya zambarau na kijani. Majirani walimbatiza Bwana Samaki, naye jina likamkaa.

Asubuhi moja tulivu taa za tangi ziliwaka, pampu ikanguruma polepole, na mgeni mpya akachungulia kutoka kwenye tundu la jiwe. Alikuwa kitatange wa ile aina fupi, hazidi kidole, mwili wa buluu na uso wa rangi ya chungwa. Samaki hawa hudonoa mwani kwenye mawe kutwa nzima, na ukimletea mwenzake ndani ya tangi dogo, ni vita. Ndiyo maana Bwana Samaki alimweka peke yake, akamtunza kama mboni ya jicho.

"Kitatange akiacha kudonoa hata nusu siku, mimi najua," alijigamba. "Namsoma uso."

Mkewe, mshonaji wa kiwandani, alikuwa mlangoni na mkoba begani. "Basi na binti yako umsome, baba watoto. Nguo zote zinampwaya."

"Anarefuka huyo. Watoto wakirefuka hukonda." Hata shingo hakugeuza.

Hapo ndipo ninapochemka mimi! Lakini ngojeni kwanza, niwaambie habari ya dumu.

Maji ya tangi hupungua kwa joto, chumvi ikabaki. Usipoongeza maji yasiyo na chumvi, matumbawe na samaki wako mashakani. Kwa hiyo Bwana Samaki alichuja maji kwa mashine yake, akayaweka kwenye dumu jikoni, akatia alama ya kalamu ubavuni. Siku moja akakuta maji yameshuka chini ya alama. Akajaza. Kesho yake yameshuka tena, safari hii karibu nusu.

"Nani anakunywa maji ya samaki?" alifoka.

Binti akatoka chumbani, msichana mchangamfu wa miaka kumi aliyekuwa hakosi la kusema, sasa amenywea. "Mimi, baba. Yale aliyochemsha mama yamekwisha. Nina kiu sana, baba, hata nikishakunywa."

"Kiu gani hiyo isiyokatika? Utundu tu! Unataka kuniulia kitatange?"

Akalibeba dumu, akalifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Binti akasema, "Samahani, baba," akarudi kulala, mchana kweupe.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, majirani walikuja kumwona kitatange. Bwana Samaki alikuwa amevaa shati la pasi, anaeleza kwa raha zote. "Tazameni tumbo lake. Mgonjwa hubonyea hapa, nyuma ya kichwa. Huyu amejaa!" Watu wakaitikia, wakasogeza nyuso kwenye kioo. Nyuma yao binti alipita akishika ukuta, anaelekea jikoni. Hakufika. Alianguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Dada muuguzi wa nyumba ya pili ndiye aliyewahi kupiga magoti. Mtoto alikuwa anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi.

"Siku hizi anakunywa maji sana?"

Mama akamgeukia mumewe, maana yeye kutwa alikuwa kiwandani. Sebuleni mle mwenye jibu alikuwa mmoja tu.

"Sana, dada," alisema Bwana Samaki. "Hadi nikamfungia."

"Ulimfungia maji?" Muuguzi hakungoja jibu. "Leteni gari! Hii ni sukari, tena imepanda vibaya!"

Waliwahi, tushukuru. Daktari alisema wangechelewa hadi jioni wangempoteza. Mtoto alitundikiwa maji, akachomwa insulini, na kesho yake akafumbua macho. Baba alikuwa pembeni ya kitanda, ufunguo wa kabati bado mfukoni. Binti akasogeza midomo, naye akainama amsikie.

"Baba, sikuyagusa tena."

Alilia mbele za watu wodini, mwanamume mzima, wala hakujificha. Kwa kilio kile simwonei huruma, alikistahili. Ninachomheshimia ni yaliyofuata. Alijifunza kuchoma sindano, akajifunza kupima damu kwa tone la kidoleni, na sasa kila asubuhi hamtazami kitatange kabla ya kumpima binti yake. Kitasa cha kabati aliking'oa. Tangi lipo palepale, na kitatange amenona. Binti naye ulimi umerudi.

"Baba, samaki wako hajala."

"Atangoja. Wewe umekula?"

FUNZO

Wazazi wenzangu, kufuga samaki si kosa. Kosa ni kumjua kiumbe wa kwenye kioo kuliko mtoto aliye chumba cha pili. Mwanao akiwa na kiu isiyokatika, akikojoa kila mara, akikonda ingawa anakula, usimtafutie kosa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na akikuambia mwili wake unamsumbua, msikilize kabla hujamkaripia. Ile alama ya kalamu ilisema kweli tangu siku ya kwanza. Baba aliisoma vizuri sana, ila alimsomea samaki.