Nani Anakanyaga Cherehani?

Kila alipotoka shule, Kifungo alivua sare, akanawa mikono, kisha akavuta kigoda chake hadi kwenye cherehani ya mama. Mama aliongoza kitambaa kwa mikono yake. Kukanyaga ilikuwa kazi ya Kifungo. "Twende," mama alisema, na mguu wa mtoto ukashuka. "Taratibu, tuna kona hapo." Mguu ukapunguza. Wateja waliochungulia mlangoni waliona gauni linashonwa tu, wala hawakujua kwamba fundi wao ana mguu wa kuazima. Jina la Kifungo alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu msichana huyo alikuwa mfupi, wa mviringo, na habanduki kwake, kama kifungo kwenye shati.

Mama aliwahi kuanguka ngazini. Mgongo ulipasuliwa ukapona, ila mshipa mmoja wa fahamu ulikataa katakata kupona. Mguu wa kulia ulimwaka moto kuanzia pajani hadi unyayoni, usiku na mchana. Alimeza dawa hadi akachoka nazo. Ndipo daktari mmoja mama wa makamo akampitishia nyaya mbili nyembamba mgongoni, karibu na uti, akaziunganisha na kifaa kidogo kilichofungwa kiunoni kwa mkanda.

"Kinatuma umeme kidogo sana," daktari alieleza. "Habari ya maumivu ikitoka mguuni kwenda kwenye ubongo, umeme huu unaipunguza nguvu njiani. Tutakijaribu kwa wiki moja. Kikikusaidia, tutakuwekea cha kudumu chini ya ngozi. Kisipokusaidia, tutakitoa. Fanya kazi zako nyepesi, halafu uje uniambie."

Paja likatulia, mama akaanza hata kuimba. Lakini unyayo, wapi! Kila alipoutia kwenye kanyagio, uso ulimkunjamana, naye Kifungo akarudi kwenye kigoda chake. Wiki ikaisha hivyo.

"Kesho watakitoa," mama alisema kwa unyonge.

Kifungo hakutaka tena kumwona mama akilia jikoni huku akisingizia vitunguu. "Mama, wewe sema kimesaidia. Sema unakanyaga mwenyewe. Nani atajua?"

Siku nyingine mama angemkemea, lakini siku hiyo maumivu yalikuwa yamemaliza nguvu zake. Akaitikia kwa kichwa.

"Haya, mama, mguu unasemaje?" daktari aliuliza kesho yake, Kifungo akiwa ameketi kando ya mama.

"Hauna neno, daktari. Nakanyaga cherehani mwenyewe."

"Na unyayo?"

"Umetulia."

"Hongera sana. Basi tutakuwekea cha kudumu, kwa mpangilio huu huu wa umeme."

Kwa mpangilio huu huu! Kifungo alitazama chini. Unyayo wa mama ulikuwa umeinuliwa, haujagusa sakafu. Yaani mama atapasuliwa tena, awekewe kitu mgongoni, na bado unyayo uendelee kuwaka?

"Daktari," alisema, "mama hakanyagi. Ninayekanyaga ni mimi. Na uongo huo nilimfundisha mimi." Machozi yakamtoka. "Tafadhali, msikitoe."

Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Daktari hakufoka. Alivuta kiti akaketi mbele yao.

"Paja limetulia kweli, au nalo ni maneno ya huyu wakili wako?"

Mama alicheka bila kutaka. "Paja limetulia kweli. Unyayo ndio unaowaka."

"Kumbe. Umeme unafika pajani, unyayoni haujafika. Hilo linarekebishika. Mngenyamaza, ningefungia kosa ndani ya mgongo wako." Akashika kompyuta yake ndogo inayoongoza kifaa kile, akaanza kubonyeza. "Sasa unausikia wapi?"

"Gotini."

"Na sasa?"

"Kwenye kifundo. Ngoja, daktari. Hapo. Umefika unyayoni."

Uso wa mama ulikunjuka. Aliushusha mguu polepole, kisigino kikagusa sakafu, kisha vidole vyote. Akasimama, akapiga hatua kuelekea mlangoni, akageuka. Safari hii alilia mbele za watu, na hapakuwa na kitunguu cha kusingizia.

Daktari alimwongezea siku chache za majaribio. Ziliisha vizuri, akawekewa kifaa cha kudumu, kidonda kikapona, akaruhusiwa kurudi kazini. Siku hiyo Kifungo alitoka shule, akanawa mikono, akavuta kigoda kama kawaida. Mama akakisukuma pembeni kwa mguu wa kulia.

"Likizo imeanza," alisema. "Nenda ukacheze. Lakini sikia kwanza, mwanangu. Tulifanya kosa mimi na wewe, na mimi mkubwa nilikosa zaidi. Ukimdanganya daktari, atatibu ule uongo, na ugonjwa utabaki palepale. Wewe uliogopa, na bado ukasema kweli. Ndiyo maana leo nakanyaga."

Kifungo alitoka nje mbio. Nyuma yake cherehani ilianza kunguruma, ikapunguza kwenye kona, ikashika kasi tena. Alisimama uani kusikiliza, akicheka peke yake, na mguu wake ukikanyaga hewa.